Usuli wa Kejeli katika "Nchi ya Kitu Kidogo"

Swali kuhusu kilichomchochea mtunzi huwaponza watahiniwa wengi. Waulize ni nini kilichomsukuma Eric Wainaina kutunga "Nchi ya Kitu Kidogo" nao watakujibu kwa neno moja: ufisadi. Jibu hilo si la uongo, ila halina mashiko. Nyimbo chungu nzima zimeukemea ufisadi na hakuna anayezikumbuka. Tunalopaswa kutafuta, mwalimu mwenzangu, ni kilichomwezesha mtunzi huyu kuugeuza ufisadi kuwa kichekesho kinachouma.

Historia kwanza, kwa ufupi. Wimbo huu umo katika albamu ya Sawa Sawa ya mwaka 2001, wakati utawala wa Rais Daniel arap Moi ulipokuwa ukielekea ukingoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palitokea kashfa ya Goldenberg, ambapo mabilioni ya shilingi za umma yalilipwa kwa mauzo ya dhahabu na almasi yasiyokuwepo. Mwaka 1997 Shirika la Fedha la Kimataifa lilisimamisha mikopo yake kwa Kenya. Mamlaka ya kupambana na ufisadi iliyoundwa mwaka uo huo haikudumu, kwani Desemba 2000 Mahakama Kuu iliamua kuwa ilikiuka Katiba. Mtahiniwa asiyeyajua haya ataeleza muktadha kwa kubahatisha.

Hata hivyo, itazame anwani. Haisemi mabilioni, inasema kitu kidogo. Mtunzi ameyapita madhambi ya vigogo akashika yale ya barabarani na ya kaunta za ofisi. Kwa nini?

Kwa maoni yangu, kichocheo cha karibu zaidi kilikuwa lugha yenyewe. "Kitu kidogo" na "chai" hayakubuniwa na Wainaina. Wakenya walikuwa wakiyatumia kila siku, hata wakayafupisha kuwa TKK, yaani toa kitu kidogo. Hizi ni tasfida. Aombaye hatamki neno hongo, naye atoaye hana haja ya kujiona mhalifu, maana ni nani aliyewahi kushtakiwa kwa kumnywesha mwenzake chai? Tasfida ya kawaida huficha aibu ili kulinda heshima ya msikilizaji. Hii huificha ili kazi iendelee.

Anachofanya mtunzi ni kujitia hajaelewa. Anayetaka chai anaelekezwa Limuru, kwenye mashamba ya majani chai! Maana ya msingi inarudishiwa neno lililoibiwa, na mwombaji anabaki uchi mbele ya watu. Mbinu hii si ngeni kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Ni ujanja wa Abunuwasi, yule aliyemwambia jirani kwamba sufuria imezaa, kisha baadaye akamwambia kwamba imekufa. Jirani aliyekubali la kwanza atakataaje la pili? Mtu hunaswa kwa kauli yake mwenyewe. Ukimwonyesha mtahiniwa uhusiano huu, hatakuwa tena na haja ya kukariri kwamba "wimbo umetumia kejeli".

Liko pia neno "kidogo". Udogo hauishii kwenye hongo. Wimbo unaurusha hadi kwa watu wenyewe, kana kwamba taifa zima limepungua kimo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaandika kwamba wanaokejeliwa ni polisi na maafisa wa serikali pekee. La hasha. Chai haiwezi kunywewa bila mwenye kuiandaa. Msikilizaji anayecheka naye yumo ndani ya dhihaka hiyo, na pengine ndiyo sababu mtunzi akaiacha Goldenberg: katika kashfa ile mwananchi wa kawaida angejihesabu mwathiriwa tu.

Wakubwa nao walisikia. Mwaka 2001, Wainaina alipouimba wimbo huu mbele ya Makamu wa Rais, George Saitoti, lilifanywa jaribio la kumkatiza. Wimbo wa kukemea kwa maneno makali ungeweza kujibiwa kwa maneno makali. Huu ulikuwa mgumu kuujibu, maana kuukasirikia ni kukiri kwamba unajua chai ni nini.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2002 kuwaleta NARC kwa ahadi ya kuumaliza ufisadi, kwa muda mfupi wananchi waliwakabili hadharani polisi waliopokea hongo kutoka kwa matatu. Kisha mwaka 2004 ikafichuka kashfa ya Anglo Leasing. Kwa hiyo swali kwamba wimbo umepitwa na wakati au la lisijibiwe kwa kuorodhesha kashfa mpya. Ningependa mwanafunzi aanze na maneno. Siku hizi utasikia mtu akiambiwa "ongea vizuri", ilhali amekuwa akizungumza kwa adabu tangu alipofika. Mpe mtahiniwa wako tasfida hiyo, aichambue kwa mbinu ya Wainaina katika aya moja, kabla hujamgusia neno ufisadi.