Malezi ya Watoto wa Wapagani wa Magharibi: Tunayoyakataa na Yanayotuhusu



Ndugu msomaji, mwaka 2004 hakimu mmoja wa mji wa Indianapolis, Marekani, alivunja ndoa ya mume na mke ambao wote wawili walikuwa wafuasi wa Wicca, moja ya dini za Kipagani za zama hizi. Wazazi hao hawakugombana juu ya dini ya mtoto wao. Hata hivyo, ndani ya hati ya talaka hakimu aliwaamuru wamkinge mtoto huyo na imani na ibada zisizokuwa za walio wengi. Ilielezwa mahakamani kuwa mtoto alikuwa akisoma shule ya Kikatoliki, na kwamba anayofunzwa shuleni yanapingana na ya nyumbani. Rufaa ikakatwa, na mwezi wa Agosti 2005 Mahakama ya Rufaa ya jimbo la Indiana ikaifuta amri hiyo.

Muislamu akisikia kisa hiki huenda akasema: "Hakimu wa kwanza alifanya vyema, angalau mtoto angeepushwa na shirki." Maneno haya yana nia njema lakini hayakupimwa. Hebu tubadilishe jina la dini tu. Mtoto wa Kiislamu anasoma shule ya Kikatoliki, na nyumbani anafundishwa kuswali, kufunga na kusoma Qur'ani. Hakimu akisema Uislamu nao si dini ya walio wengi katika mji ule, tutajibu nini ikiwa jana tuliishangilia hoja ile ile?

Kwa hiyo ni wajibu wetu kuitazama mipango ya malezi ya watu hawa kwa elimu na uadilifu: nini tunakikataa, kwa nini tunakikataa, na nini kinatuhusu sisi wenyewe.

Ni watu gani hawa?

Neno "mpagani" katika Kiswahili limezoeleka kutumiwa kwa mtu asiye Muislamu wala Mkristo, na mara nyingi kwa dharau. Hapa hatuzungumzii mila za mababu zetu wa Afrika. Tunazungumzia watu wa Ulaya na Marekani waliojichagulia jina hilo wenyewe na wanaojivunia. Katika sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales, watu wapatao 74,000 walijiandikisha kuwa Wapagani, ilhali mwaka 2011 walikuwa kama 57,000. Marekani, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliikubali Wicca kuwa ni dini mbele ya sheria mwaka 1986.

Wicca ilijulikana hadharani kupitia Gerald Gardner, Mwingereza aliyekuwa afisa wa forodha huko Malaya, ambaye kitabu chake cha Witchcraft Today kilitoka mwaka 1954. Alifariki safarini baharini mwaka 1964 na akazikwa mjini Tunis. Mwanahistoria Ronald Hutton, katika kitabu chake cha The Triumph of the Moon cha mwaka 1999, alionyesha kuwa dini hii kwa sura yake ya leo ni zao la karne za karibuni, si urithi uliopokewa bila kukatika tangu zama za kale. Hili tulishike, kwani tutalirejea.

Mipango yao kwa watoto

Kizazi cha kwanza cha watu hawa kilikuwa cha watu wazima walioacha dini walizolelewa nazo. Walipozaa, likawajia swali linalomjia kila mzazi: tumpe nini mtoto huyu?

Jawabu moja ni kitabu cha Circle Round, kilichotolewa mwaka 1998 na wanawake watatu, Starhawk, Diane Baker na Anne Hill. Ni kitabu cha familia. Kinafuata sikukuu nane za mwaka wao, na kwa kila sikukuu kinatoa hadithi, nyimbo, mapishi, kazi za mikono na namna ya kupanga madhabahu ndogo nyumbani. Kisha kinaeleza ibada za kuzaliwa, kubaleghe na kufiwa.

Jawabu la pili ni SpiralScouts, mpango wa mfano wa skauti ulioanzishwa mwaka 1999 katika jimbo la Washington na jumuiya iitwayo Aquarian Tabernacle Church, kisha ukafunguliwa kwa nchi nyingine mwaka 2001. Wavulana na wasichana huwa pamoja, hupewa beji kwa kujifunza mambo ya maumbile na ya imani, na wazazi hushiriki. Mpango huo haukufungiwa watoto wa Kipagani pekee, bali huwaalika pia watoto wa dini nyingine zenye wafuasi wachache.

Tunayoyakataa

La kwanza na kubwa kuliko yote ni shirki yenyewe. Watoto hufundishwa kumwelekea mungu wa kike na miungu mingine kwa nyimbo na matoleo. Hapa hatuna la kuficha wala la kupunguza. Wasia wa kwanza wa Luqman kwa mwanawe, katika sura yenye jina lake, ulikuwa ni kumkataza kumshirikisha Mwenyezi Mungu.

La pili ni dai la kumwachia mtoto achague. Wengi katika wazazi hawa husema hawamlazimishi mtoto, bali wanampa uzoefu ili achague akikua. Lakini tazama wanachofanya. Mtoto wa miaka mitano anaimba wimbo wa sikukuu, anakula mkate wa sikukuu, anapamba madhabahu pamoja na mama yake, anashonewa beji kifuani. Huko ni kufundisha, tena kufundisha kwa nguvu zaidi kuliko maneno. Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim inatueleza kuwa kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, kisha wazazi wake ndio wanaomfanya Myahudi, Mkristo au Mmajusi. Haikumtaja mzazi asiyemfanya mtoto wake chochote. Basi kosa la hoja yao si kuwa wanafundisha, bali ni kudai kuwa hawafundishi.

La tatu ni kalenda yao. Sikukuu zao nane zimefungwa na jua na misimu ya nchi za kaskazini: usiku mrefu wa Desemba, majani mapya ya machipuko, mavuno ya Agosti. Mtoto wa Mombasa au wa Singapore hana baridi ya kuaga wala theluji ya kuyeyuka. Dini inayomfunga mtoto na hali ya hewa ya bara moja haiwezi kuwa ya walimwengu wote. Mwezi wetu wa Ramadhani hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka wa jua, ukapita masika na kiangazi, joto na baridi, ili pasiwe na nchi ya kudai kuwa ni wake.

La nne ni historia. Baadhi ya maandishi yao bado huwasimulia watoto ukale ambao utafiti hauuthibitishi. Mtoto aliyejengewa imani juu ya nasaba ya kubuni atakuja kuijua kweli siku moja, na siku hiyo atawauliza wazazi wake maswali magumu.

Uadilifu katika kukataa

Tukishayakataa hayo, bado tumefungwa na amri ya Suratul Maida, aya ya 8, kwamba chuki yetu kwa watu isitupeleke kuacha uadilifu. Husemwa na baadhi ya watu kuwa Wapagani hawa huchinja watoto au humuabudu shetani. Huo ni uzushi. Shetani hata hayumo katika itikadi ya Wicca. Na anayetafsiri jina lao kwa neno "uchawi" na kuishia hapo, aikumbuke njia ya Imamu Shafii katika al-Umm. Yeye aliona kuwa neno sihri linakusanya maana nyingi, hivyo mtu aulizwe kwanza aeleze anachokifanya kabla ya kuhukumiwa. Afrika Mashariki tunajua vizuri neno hilo linavyoweza kumwaga damu ya kikongwe asiye na hatia.

Ama haki ya wazazi hawa juu ya watoto wao, tuanze na Majusi. Amepokea Bukhari kuwa Umar (r.a.) hakuchukua jizya kwa Majusi mpaka Abdurrahman bin Awf (r.a.) aliposhuhudia kuwa Mtume (s.a.w.) aliichukua kwa Majusi wa Hajar. Watu wale waliuabudu moto, nao waliachwa na dini yao na watoto wao. Waislamu hawakuingia majumbani mwao kuwanyang'anya watoto kwa hoja ya fitra.

Mwanafunzi wa fiqhi atasema: hawa wa leo si Majusi, na katika madhehebu yetu ya Shafii jizya ni kwa Ahlul Kitabu na Majusi tu, tofauti na Maliki waliopanua zaidi. Ni kweli. Lakini masuala yaliyo mbele yetu si ya jizya. Muislamu anayeishi Indianapolis au London anaishi kwa ahadi na amani ya nchi ile, na kutimiza ahadi ni wajibu kwa maafikiano. Ahadi hiyo hiyo ndiyo inayomlinda yeye na mwanawe. Hawezi kuidai kwa ajili yake na kuombea ivunjwe kwa jirani yake.

Na tusisahau watoto wenyewe. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ametaja kauli tatu za wanazuoni kuhusu watoto wa washirikina wanaokufa kabla ya kubaleghe, na akasema iliyo sahihi ni kuwa wao ni watu wa Peponi. Miongoni mwa dalili zake ni hadithi ya ndoto ya Mtume (s.a.w.) iliyomo katika Bukhari, alipomuona Ibrahim (a.s.) bustanini amezungukwa na watoto, na watoto wa washirikina wakiwamo. Basi mtoto huyu asitazamwe kwa kinyaa anapokaa dawati moja na mwanao.

Masuala ya vitendo

Jambo hili haliko mbali na ndugu zetu. Miji ya Minneapolis na St. Paul ina Wapagani wengi kiasi kwamba wenyewe huiita kwa utani Paganistan, na humo humo wanaishi Wasomali wengi, baadhi yao waliopitia kambi za wakimbizi za Kenya. Watoto wao wanakutana shuleni na mitaani. Kwa hiyo:

1. Kuhudhuria ibada na sikukuu zao kwa kushiriki hakufai, hata ikiitwa mchezo wa watoto.

2. Kujumuika katika yasiyo ibada, kama kupanda miti au kujifunza nyota na mimea, asili yake ni halali, kwa sharti kuwe hakuna ibada ndani yake na mzazi awe anajua. Lakini kujiunga na mpango ambao beji zake zimechanganywa na itikadi ni jambo la kuepukwa.

3. Nyama waliyoichinja si halali, kama ilivyo kwa Majusi. Vyakula vingine hubaki katika uhalali wake, ila kilichotolewa kuwa sadaka ya miungu.

4. Wema wa ujirani haukatazwi. Asmaa binti Abubakar (r.a.) aliruhusiwa na Mtume (s.a.w.) kumuunga mama yake aliyekuwa mshirikina.

5. Kuwatukana miungu yao mbele ya watoto wao kumekatazwa katika Suratul An'am, aya ya 108.

Linalotuhusu sisi

Sasa tujitazame. Watu hawa, pamoja na upotofu wa itikadi yao, wametambua jambo moja: mtoto hashiki dini aliyopelekewa peke yake. Ndiyo maana mipango yao imemweka mzazi na mtoto katika kazi moja.

Sisi tunafanyaje? Mtoto hupelekwa madrasa saa nane mchana na kurudi saa kumi na mbili jioni. Baba hajui sura aliyofikia mwanawe. Mwalimu anamjua mzazi siku ya kudaiwa ada tu. Kisha tunashangaa kijana wa miaka kumi na saba akiacha swala, na tunamlaumu mwalimu.

Wala hatuhitaji kuiga kwa Wapagani. Rubayyi binti Muawwidh (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, namna walivyokuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura na kuwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi. Mtoto akililia chakula, hupewa hicho mpaka wakati wa kufuturu. Saumu, mchezo, mama na mtoto, vyote mahali pamoja. Huo ni mpango wa familia uliowatangulia hawa kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu, na uliachwa na sisi wenyewe.

Maimamu na walimu waanze na machache. Mzazi aitwe madrasa mara moja kwa mwezi, akae chini na mwanawe na amsikilize akisoma. Mtoto apewe kazi ya kufanya na mama au baba yake, si ya kuandika peke yake. Ramadhani, Idi na akika zifundishwe kabla hazijafika, ili mtoto ajue anachokula na kwa nini anakila. Suratut Tahrim, aya ya 6, imetuamuru kujilinda sisi na ahli zetu na moto, na amri hiyo ameelekezewa mwenye nyumba kabla ya mwalimu wa madrasa.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.