Undugu wa Vyuma

Dereva wa pikapu ya baba ulimtambua kwa mabega. Ilikuwa Land Cruiser HJ47, injini ya dizeli ya 2H, isiyo na pawa stelingi. Kila ilipoteremka na kabichi kutoka Mgeta, kona za Uluguru zilimdai nguvu za mwili mzima: ananyanyuka kitini, anavuta usukani kwa mikono miwili kama anayevuta ndoo kisimani. Akifika Morogoro mjini, kikombe cha chai kilimtetemeka mkononi.

Baba akaipeleka Gerezani, Dar es Salaam. Fundi tuliyemkuta hakushika spana. Alilala chini ya gari kitambo kirefu, akatoka akijifuta mikono, akasema, “Mzee, hii ina ndugu yake. Tumtafute HJ60.”

Ufundi ninaousifu umo katika neno hilo, ndugu. HJ60 ilianza kuundwa mwaka 1980, nayo ni gari la familia, refu, la viti vingi. Ukiiweka kando ya pikapu huoni wanapofanana. Lakini fungua boneti: ni 2H ileile, silinda sita, lita 4. Kwa hiyo pampu ya pawa na braketi yake huhama kutoka injini moja hadi nyingine, zikapata matundu ya bolti yanayozisubiri. Wengine huona magari mawili. Fundi huona ukoo mmoja uliogawana nyumba.

Undugu, hata hivyo, una mipaka, na fundi hodari ndiye anayeijua. Boksi la stelingi la HJ60 hufungwa kwenye chasisi ya pikapu ambayo haikutobolewa kwa ajili yake. Chasisi hiyo ina uwazi ndani; ukikaza bolti juu yake hivihivi, chuma kinabonyea, na siku moja kinapasuka. Fundi wetu alitoboa, akapitisha vipande vya bomba nene ndani ya matundu, akavichomelea, akaongeza bamba kwa nje. Ndipo akakaza. Kazi hiyo ilimchukua siku nzima, na rangi ilipopakwa hakuna jicho lingeiona tena.

Aliletewa boksi la bei nafuu kutoka gari la usukani wa kushoto, kama yale yanayotumika Burundi na Kongo. Akalirudisha. Akatuonyesha viganja vyake: vinafanana, lakini glavu ya hiki haivaliki na kile. Kijana wake alipopendekeza mkono wa pitimani, ule unaotoka kwenye boksi, upashwe moto ukunjwe kidogo ili ufikie, alikataa kwa sauti ambayo sikuisikia tena kwake. Chuma cha stelingi hakipashwi moto, alisema. Ukikikunja leo kitakatika mteremkoni. Akatafuta mkono wenye meno yanayolingana. Akapima pia fito inayotoka kwenye mkono huo kwenda gurudumuni, ilale sawa na ekseli, kwa sababu ikikaa mshazari, kila springi zinapobonyea shimoni gari hujikatia kona lenyewe.

Wazo la asili la kazi hii lilitoka kwenye malori. Francis W. Davis, mhandisi wa malori ya Pierce-Arrow huko Marekani, aliunda stelingi ya kusaidiwa na mafuta katika miaka ya 1920, lakini gari la abiria lenye mfumo huo lilianza kuuzwa mwaka 1951, Chrysler Imperial. Utaratibu wake una adabu. Mkanda huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta. Mkono wa dereva unapogeuza usukani, fimbo nyembamba ndani ya boksi hujinyonga kidogo, vali inafunguka, presha inaingia upande ule mkono ulikoelekea. Mafuta husubiri mkono uamue kwanza.

Siku ya mwisho fundi aliinua matairi ya mbele kwa jeki, akazungusha usukani taratibu huku na huku, injini ikiwa imezimwa, mpaka mapovu yakaisha kwenye chupa ya mafuta mekundu. Kisha injini ikawashwa. Dereva wetu aligeuza usukani kwa kiganja kimoja, akacheka kama mtoto.

Fundi hakucheka naye. Alimpeleka kwenye uwanja mtupu, akamwambia aende polepole, kisha akalegeza mkanda wa pampu na kumtaka arudie kona ileile. Usukani ukawa mzito kuliko ule wa zamani, lakini matairi yalitii. “Mkanda unaweza kukatika Mgeta,” akamwambia. “Nimetaka ujue leo, tukiwa hapa, kitakachobaki mikononi mwako.”

Kisha akaukaza mkanda, akaujaribu kwa kidole gumba, akafunga boneti.