Kidevu Kile Kingeachwa

Wazazi wa pwani ya kusini wengi wenu mmeshaiona ile video ya Mwabungo iliyozunguka kwenye simu, kwa hivyo sitaisimulia yote. Mama kakaa barazani juu ya mkeka, kampakata mwanawe wa mwaka na nusu hivi, kadi za picha mkononi. Pongezi zimemiminika. Mimi naona somo lote lilimponyoka kwa kitendo kimoja kisichofika sekunde mbili.

Tuyamalize mazuri: kadi kubwa, maandishi manene, kipindi kifupi, na aliacha kabla mtoto hajachoka. Safi.

Sasa irudisheni nyuma mpaka kwenye kadi ya tufaha. Mama kaiinua, kasema "Apple." Papo hapo kuku anapita na vifaranga wake chini ya mkorosho, upande wa kulia wa picha. Mtoto anageuka, ananyoosha kidole, anasema "Ku!" Kisha, na hapa ndipo wengi mlipopitwa, anamtazama mamake usoni, halafu anamrudia kuku. Simamisheni hapo. Kidole, sauti, macho kwa mama, macho kwa kuku. Mtoto wa umri ule hana namna nyingine iliyo wazi zaidi ya kusema: nimeona kitu, nawe kione, hebu niambie. Kafungua mazungumzo yeye mwenyewe, tena kwa neno alilolitafuta kichwani mwake bila kusukumwa na mtu.

Mama akafanya nini? Akamshika kidevu, akakigeuza taratibu kuelekea kadi. "Hapa, babangu. Sema apple." Nyuma inasikika sauti ya bibi, "Si amwona kuku huyo," na hakuna aliyemjibu. Mtoto hakusema apple. Wala "ku" hakulirudia tena mpaka video inakwisha. Mama yule ni mshambuliaji aliyepewa pasi mbele ya goli tupu, akaurudisha mpira kwa kipa wake.

Ufundi wa jambo hili umepimwa zamani. Mwaka 1986 Tomasello na Farrar waliwafundisha watoto wa karibu mwaka mmoja na nusu majina ya vitu kwa njia mbili: kutaja kile mtoto anachokitazama tayari, na kumvuta macho kwanza ndipo utaje. Njia ya kwanza ilishinda. Jina hunata pale jicho lilipo. Ukilihamisha jicho kwa nguvu, mtoto anaanza kuhangaika na kule kuhamishwa, na jina linampita.

Halafu kuna picha yenyewe ya kwenye kadi. Judy DeLoache na wenzake walichapisha mwaka 1998 utafiti wa watoto wa miezi 9, wa Marekani na wa jamii ya Beng kule Ivory Coast. Katika jamii zote mbili watoto walizipapasa picha, hata kujaribu kukinyakua kitu kilichochorwa. Kujua kwamba picha inasimama badala ya kitu chenyewe ni elimu inayokuja polepole, na katika miezi 18 mtoto yuko katikati ya safari hiyo. Kuku wa barazani anachakura, analia, anakimbia ukimkaribia. Tufaha lile la kwenye karatasi ya plastiki lina nini? Na mnisamehe, hili nitalisema mpaka niingie kaburini: kwa nini tufaha? Mwabungo ina nazi, embe, korosho na mabibo yake yananukia ua mzima. Mtoto anaruka vyote hivyo kwenda kwenye tunda ambalo mamake hulinunua Ukunda siku ya mgeni. Tena kwa Kiingereza, ilhali nyumba nzima inazungumza Kidigo, na mtaala wetu wenyewe unataka mtoto wa chekechea afundishwe kwa lugha ya eneo lake.

Najua ugonjwa huu wa kadi ulikotoka. Glenn Doman, mtaalamu wa tiba ya viungo wa Philadelphia, alitoa kitabu mwaka 1964 akiwaahidi akina mama kwamba mtoto mchanga anaweza kusoma akionyeshwa maneno makubwa mekundu haraka haraka. Wafanyabiashara wakaja nyuma yake na kadi na kanda. Mwaka 2014 Susan Neuman na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York wakachapisha jaribio la watoto 117, wa miezi 9 hadi 18, waliotumia mojawapo ya vifurushi hivyo kwa miezi saba. Vipimo 14, katika 13 hawakuwa na tofauti yoyote na wenzao wasiokitumia. Tofauti pekee ilikuwa imani ya wazazi kwamba watoto wanajifunza. Imani hiyo ndiyo inayouzwa hadi leo, na shule za binafsi zinazomhoji mtoto wa miaka mitatu herufi mlangoni zinaichochea.

Sisi huku tulikuwa na bora zaidi. Mpango wa chekechea za madrasa ulipoanza Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, Bi Swafiya Said aliwachukua wanawake wa mitaa ile ile akawafunza ualimu, na vifaa vikawa vile vinavyopatikana nje ya mlango: vifuu, makombe, mbegu, vizibo vya soda. Mtoto anashika, anapanga, anauliza, mwalimu anafuata. Mpango ulivuka hadi Zanzibar na Uganda. Weka kazi ile kando ya video hii uone tumerudi nyuma kiasi gani, na simu zetu mkononi.

Alichotakiwa kufanya mama yule ni chepesi. Kadi chini, mkono usiguse kidevu, macho kwa kuku. "Ee, kuku! Kuku na wanawe. Waenda wapi?" Kisha anyamaze, ahesabu moyoni mpaka tano, ampe mtoto nafasi ya kujibu hata kwa mguno. Kuku akishapotea nyuma ya choo, hapo ruhusa: inua kadi, lakini iwe ya kuku.