Keria ya Datsun 240Z: Kazi Iko Miguuni

Mtu akiona keria juu ya gari, jicho lake hukimbilia fremu: bomba zilivyopindwa, viungo vilivyochomelewa, rangi inavyong'aa. Keria nyingi za kutengenezwa mtaani hujengwa kwa mpangilio huohuo. Fremu hutangulia, na miguu huungwaungwa mwishoni kwa vipande vilivyobaki. Ndiyo maana nyingi huishia kulegea, kuchubua rangi au kubonyeza paa. Fremu hupendeza macho, lakini miguu ndiyo inayofanya kazi.

Keria ninayoichambua hapa ilijengwa kinyume cha mazoea hayo. Ilitengenezwa katika karakana ya jua kali huko Kariobangi Light Industries, Nairobi, na imekaa juu ya gari usilolitarajia kubeba mzigo kichwani: Datsun 240Z ya mwaka 1972.

Gari hili lilizinduliwa mwaka 1969, likiwa na injini ya silinda sita ya lita 2.4, viti viwili tu, na uzito wa kilo 1,050 hivi. Afrika Mashariki ililifahamu likiwa na matope hadi kwenye madirisha. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally nalo mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Lofty Drews wakashinda mwaka 1973. Kwa hiyo barabara mbovu si ngeni kwake. Tatizo lake ni nafasi. Nyuma ya viti, minara ya shokomzoba imechomoza ndani na kuimega sehemu ya mizigo kushoto na kulia. Tairi la akiba limelala chini ya sakafu ya sehemu hiyohiyo, hivyo ukipata pancha lazima ushushe kila kitu ndipo ulifikie. Watu wawili wanaokwenda kupiga kambi na hema, magodoro na sufuria hawana budi kutazama juu.

Mfereji, si bati

Fundi aligonga paa kwa kidole cha kati, akasikiliza, kisha akamwambia mwenye gari: "Bosi, hili ni debe. Hapa hatuweki kitu." Alikuwa sahihi. Bati la paa la gari kama hili lina unene usiofika milimita 1. Kazi yake ni kuzuia mvua na jua, na ukiliegemeza uzito katikati litabonyea.

Ila pembeni, juu ya milango, kuna mfereji mdogo wa kupitisha maji ya mvua. Magari mengi ya zamani yanao, na huo ndio unaoiwezesha kazi hii. Pale kwenye mfereji, bati la paa na bati la ubavu hukutana na kushikanishwa kwa pointi nyingi za kuchomelea. Kwa hiyo ukingo wake ni tabaka zaidi ya moja la chuma, na umeungana na nguzo zinazoshikilia paa. Uzito ukitua kwenye mfereji, hushuka kwenye nguzo hadi kwenye sakafu ya gari, na bati la katikati halihisi chochote.

Basi wakaanza na mguu mmoja tu. Walikata katoni, wakaipunguza kidogokidogo kwa mkasi hadi ikalingana na mkunjo wa mfereji, kisha wakaifuatisha kwenye chuma bapa cha milimita 5, kilichopashwa moto na kupindwa. Mguu una sehemu mbili. Ya kwanza ni kikanyagio kinachokaa ndani ya mfereji, chenye urefu wa sentimita 8, ili uzito usitue mahali pamoja. Ya pili ni ndoano inayopita nje na kushika ukingo kutoka chini. Bolti moja ya milimita 8 huzivuta sehemu hizo mbili zibanane. Kabla ya kutengeneza mingine mitatu, waliufunga ule wa kwanza wakafungua na kufunga mlango mara kadhaa, kwa sababu ndoano ikiwa nene mno hugusa fremu ya dirisha na kuichubua kila siku.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kutumia nguvu. Hofu ya kawaida ni kwamba keria itachomoka, kwa hiyo watu hukaza bolti kwa spana ndefu hadi mshipa wa shingo uonekane. Tupige hesabu. Keria hii ina uzito wa kilo 11 hivi, na mzigo ulioruhusiwa ni kilo 40, jumla kilo 51. Ukipiga breki kali kwenye lami kavu, mzigo huo husukuma mbele kwa nguvu inayolingana na kilo 40. Gawanya kwa miguu minne, kila mguu unazuia kama kilo 10. Bolti ya milimita 8, hata ukiikaza kwa spana fupi bila kujitutumua, hubana kwa nguvu ya mamia ya kilo. Bolti haina shida hata kidogo. Kinachoweza kushindwa ni ukingo wa mfereji, ambao ukibanwa kupita kiasi hupindika, rangi hupasuka, na kutu huingia.

Adui wa kweli ni mtetemo. Barabara ya murram yenye makunyanzi hutikisa nati maelfu ya mara kwa saa. Fundi alitumia nati zenye nailoni ndani, ambazo hazijifungui kwa kutetemeka, na kumwagiza mwenye gari azikague baada ya safari fupi ya kwanza, kwa sababu mpira uliowekwa kati ya chuma na mfereji hujibana na kuacha nafasi.

Vyuma vikuu viwili

Miguu ilipokamilika ndipo wakageukia fremu, na hapo kishawishi cha kwanza kilikuwa bomba la maji. Linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na fundi alikuwa nalo kando ya ukuta. Lilikataliwa kwa sababu mbili. Kwanza ni uzito: bomba la maji la nusu inchi lingefanya keria iwe nzito karibu maradufu, na kila kilo ya keria inapunguza kilo ya mzigo. Pili, bomba hilo limepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomletea mchomeleaji homa na kifua kubana. Mafundi wengi wanaijua homa hiyo bila kujua chanzo chake.

Walichochagua ni mchanganyiko. Vyuma viwili vinavyokatiza paa kutoka mfereji hadi mfereji ndivyo vinavyobeba karibu uzito wote, kwa hiyo vilitengenezwa kwa bomba la mraba la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 2. Kingo na reli za juu, ambazo kazi yake ni kuzuia mzigo usiteleze, ni bomba jembamba la mviringo la milimita 16. Uamuzi huu ndio ninaoupenda kuliko yote. Kama vyuma vikuu vingekuwa bomba la mviringo la milimita 20, gari likiruka tuta na mzigo ukarudi chini kwa nguvu mara tatu ya uzito wake, vingepinda na kubaki vimepinda. Lile la mraba lina uwezo wa kuhimili kupinda zaidi ya mara tatu kuliko hilo, na katika pigo lilelile hushuka milimita 5 tu katikati kisha hurudi mahali pake. Kati ya chuma na paa wameacha sentimita 4. Nafasi inatosha.

Paa la 240Z huwa jembamba kadiri linavyorudi nyuma, kwa hiyo chuma cha nyuma ni kifupi kuliko cha mbele. Kukata vyote sawa kwa kipimo kimoja ni kosa linaloharibu keria kabla haijachomelewa. Isitoshe, mlango wa nyuma wa gari hili umening'inia kwenye bawaba zilizo mwisho wa paa, na unapoinuliwa huja juu. Chuma cha nyuma kilibidi kisogezwe mbele, na keria nzima ikabaki na urefu usiofika mita moja. Ufupi huo ni gharama ya umbo la gari, hauna dawa.

Kuchomelea kulifanywa mbali na gari. Vipimo vilichukuliwa juu ya paa, vikahamishiwa kwenye mbao zilizopigiliwa misumari kama kiolezo, vyuma vikashikwa kwa pointi, kisha vikachomelewa kwa kupokezana, kona hii halafu ile ya mkabala. Joto huvuta chuma, na ukimaliza upande mmoja wote kwanza, fremu hujipinda na mguu mmoja hubaki hewani. Cheche nazo huunguza rangi na kutoboa kioo kwa madoa yasiyofutika.

Upepo na uzito wa juu

Mzigo juu ya paa hubadilisha tabia ya gari kwa njia mbili. Ya kwanza ni upepo. Mkoba wenye upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 30 husukumwa na hewa ya usawa wa bahari kwa nguvu ya kilo 3 na nusu hivi ukienda kilomita 50 kwa saa. Kwa kilomita 100 nguvu hiyo inakuwa kilo 14, na kwa 120 inafika 20. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi, hupungua kidogo. Mwendo ukizidi maradufu, upepo huzidi mara nne, na petroli hufuata.

Ya pili ni kitovu cha uzito. Kilo 51 zikikaa zaidi ya mita 1.3 juu ya ardhi, kwenye gari lenye kilo 1,200 pamoja na watu na kitovu chake kikiwa kama nusu mita kutoka chini, huinua kitovu hicho kwa sentimita 3 na kidogo. Zinaonekana chache, lakini kwenye gari la michezo lililojengwa kuinama chini, dereva huzihisi kwenye kona ya kwanza. Vitu vizito, kama mtungi wa gesi na kreti ya maji, vinabaki ndani. Juu pandisha hema na magodoro.

Kelele nayo ilipata dawa. Chuma cha mbele kikipigwa na upepo huimba, kwa hiyo walikizungushia kamba ya katani kwa mzunguko wa parafujo ili hewa isikiache kwa mpigo mmoja. Njia ni sahihi, kamba si sahihi. Katani hunyonya maji na kuyashikilia juu ya chuma. Kamba ya nailoni ingefanya kazi ileile bila kualika kutu.

Jaribio lao lilikuwa la kawaida na la kutosha: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 juu ya keria, gari likiwa limesimama. Wakafungua na kufunga milango yote, wakapitisha vidole kati ya chuma na paa, wakatazama kama mfereji umeachana na ubavu. Kisha mwenye gari akaandika kwa rangi nyeupe kwenye ukingo wa keria: KILO 40.

Ningebadilisha jambo jingine moja kubwa. Mpira wa kikanyagio ulikatwa kwenye tyubu ya tairi, na tyubu hunasa vumbi na unyevu papo hapo kwenye mfereji, mahali ambapo Datsun hizi tayari zina sifa mbaya ya kuoza. Keria hii isikae juu mwaka mzima. Ivuliwe kila baada ya safari, mfereji usafishwe, na miguu ikaushwe.

Kwa wenye magari yasiyo na mfereji, mpango huu wote haufai, na hakuna kiasi cha kukaza kitakachoufanya ufae. Kama gari lako linao, mwambie fundi akutengenezee mguu mmoja kwanza. Ufunge, uutikise, ufungue mlango, uendeshe gari nao hadi sokoni na kurudi. Ukikaa palepale bila kuacha alama, ndipo utoe pesa za fremu.