Mteremko wa Buster Keaton

Ukitaka kupima ufundi wa mchekeshaji wa filamu Buster Keaton, tazama miguu yake anaposhuka mlima. Watu wa Nyanchwa, kule Kisii, wanaujua mteremko. Udongo wa huko ukinyeshewa, kila hatua ni hesabu. Katika Seven Chances, filamu bubu ya mwaka 1925, Keaton anashuka kwa kasi huku mawe yakimfuata, madogo anayaruka, makubwa anayakwepa, akianguka na kuinuka kana kwamba kuanguka ni sehemu ya kukimbia.

Kisa ni cha mapenzi. Keaton ni Jimmie Shannon, ambaye babu yake amemwachia dola milioni 7, mradi awe ameoa kabla ya saa moja jioni, siku anapotimiza miaka 27. Siku yenyewe ndiyo leo. Mpenzi wake, Mary, anampenda, lakini Jimmie anaposa vibaya: anajikuta akisema kwamba lazima aoe mtu, yeyote tu. Binti anakasirika. Kwa Abagusii wa zamani maneno hayo angeyabeba esigani, mshenga, na pengine mambo yasingeharibika. Tangazo kwamba anatafuta mke linatoka gazetini, na mamia ya wanawake waliovaa shela wanajaa kanisani. Wakigundua mambo si kama walivyodhani, mbio zinaanza.

Yale mawe hayakuwamo kwenye mpango. Keaton alisimulia kwamba katika onyesho la majaribio watu waliangua kicheko alipogusa mawe matatu kwa bahati mbaya, yakabingirika nyuma yake. Akarudi kazini, yakatengenezwa mengine kama 1,500 ya plasta na karatasi, mengine makubwa kumshinda yeye. Mchekeshaji mvivu angefurahia bahati yake na kuendelea na shughuli nyingine.

Mimi hata hivyo navutiwa zaidi na kipande kifupi cha gari. Jimmie anaingia garini mbele ya klabu. Gari halisogei hata inchi. Klabu inafifia, nyumba ya Mary inajitokeza mahali pake, naye anashuka. Ili gari lisiruke kwenye picha, ilibidi lisimame mbali na kamera kwa kipimo kilekile na kwa pembe ileile katika sehemu zote mbili, hivyo wakatumia vyombo vya wapima ardhi. Kazi yote hiyo kwa sekunde chache!

Kuna doa. Mtumishi mweusi amechezwa na mzungu aliyepakwa masizi, na Jimmie anamkwepa mwanamke mmoja kwa kuwa tu ni mweusi. Vichekesho hivyo vimeoza, na ustadi wa kamera hauviokoi.

Sauti haihitajiki, wala msimulizi wa filamu kama DJ Afro wa kutafsiri. Mtoto wa chekechea ataelewa jiwe linaelekea wapi. Tangu Januari 2021 haki miliki ya filamu hii nchini Marekani imekwisha. Projekta na ukuta mweupe vinatosha, Jumamosi jioni, Sabato ikishafungwa.