Tone Moja Jichoni: Jinsi Chanjo ya Mdondo Ilivyofika Bandani

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ukiingia kwenye kuku wasiochanjwa unaweza kuwamaliza wote kwa siku chache. Chanjo zilikuwapo kwa miongo mingi, ila mwenye kuku 10 wa kienyeji hazikumfaa. Ziliharibika zikikosa friji njiani, na chupa moja mara nyingi ilibeba dozi 1,000 au zaidi. Nani kijijini angenunua chupa nzima kwa mitetea sita na jogoo?

Ufumbuzi ulianzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Profesa Peter Spradbrow na wenzake walichambua virusi vya mdondo visivyosababisha ugonjwa kwa kuku, wakachagua kimoja kinachostahimili joto: I-2. Kisha wakafanya jambo lenye uzito uleule. Mbegu ya kirusi hicho ilitolewa bure kwa maabara za nchi zinazoendelea, kila nchi ijitengenezee chanjo yake. Nchini Tanzania, Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA) huizalisha Kibaha.

Chanjo iliyokaushwa huvumilia wiki kadhaa nje ya friji, mradi iwe gizani na mahali pa ubaridi. Jua kali bado huiua. Kwa hiyo mchanjaji huifunga kwa kitambaa kibichi na kuibeba kwenye kikapu kinachopitisha hewa.

Kazi yenyewe hufanywa alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa. Mmoja anashika kuku na kumlaza ubavu, mwingine anadondosha tone moja jichoni, kisha wanasubiri kuku apepese. Kifaranga na jogoo hupata tone lilelile, kwa hiyo hakuna haja ya kupima uzito wala kutumia sindano.

Kwa nini jichoni? Nyuma ya jicho kuna tezi inayoshiriki kujenga kinga, na tone huteremka hadi puani na kooni, njia ambayo mdondo wenyewe hupitia. Chanjo hiyo inaweza pia kutiwa kwenye maji ya kunywa, lakini huko kinga huwa hafifu: kuku mmoja hunywa sana, mwingine hagusi, na klorini ya maji ya bomba huua kirusi cha chanjo.

Kinga haidumu. Uchanjaji hurudiwa kila baada ya miezi 4, na duru moja hupangwa angalau mwezi mmoja kabla ya msimu ambao ugonjwa hulipuka eneo hilo, kwa sababu mwili wa kuku huhitaji kama wiki mbili kujiandaa. Wanaougua tayari hawaponywi na tone hilo.

Pengo kubwa linabaki kwa vifaranga. Wanaoanguliwa siku chache baada ya mchanjaji kuondoka husubiri karibu miezi 4, ilhali kinga waliyorithi kwa mama huisha baada ya wiki chache. Kijiji chenye mchanjaji wake mwenyewe, anayelipwa ada ndogo kwa kila kuku, kinaweza kuongeza duru ya vifaranga katikati bila kumngoja mtaalamu wa wilaya.