Bacchus Akaribishwa, Wenye Vilemba Wapewa Sanamu

Ama baad. Katika hadithi saba za Narnia (1950–1956) za C. S. Lewis, vijana wetu wa Morogoro humkuta simba Aslan, mfano wa Isa (A.S.) kwa itikadi ya Kikristo. Simba huyo hawafukuzi miungu wa Kiyunani: katika Prince Caspian (1951), Bacchus, mungu wa mvinyo, anasherehekea mbele yake. Kolelo, mzimu wa pango la Uluguru aliyeombwa mvua, hakupata ukarimu huo kwa wamishonari. Kwetu sisi wote wawili ni shirki.

Ama sanamu la Tash, linalotolewa kafara ya watu, Lewis kawapa Wakalormene, wenye vilemba na panga zilizopinda. Nani asiyejua waliokusudiwa? Mwaka wa 8 Hijria (630) Mtume (S.A.W.) aliyaondosha masanamu Makka. Baadaye Baghdad ya Khalifa al-Ma'mun ilitafsiri falsafa na tiba ya Wayunani, ikawaachia wenyewe miungu yao.

Kwa insafu, Mkalormene mmoja mkweli, Emeth, anakubaliwa mwishoni. Lakini mema yake anaandikiwa Aslan. Dini yake haipati hata chembe.